Mji na Malisho Yake

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni)

Masomo: Hesabu 35:1–8, Mambo ya Walawi 25:32–34

Twamshukuru Mungu aliyetulinda usiku kucha. Wako kati yetu walioamka katika nyumba zao wenyewe. Wako pia walioamka katika chumba kimoja cha kupanga, watu sita au saba, nao wanatusikiliza huku mtoto akiogeshwa katika karai karibu na kitanda. Neno la leo ni la wote hao.

Twataka tuzungumze juu ya mambo mawili ambayo watu wamezoea kuyagombanisha. La kwanza ni nyumba za bei nafuu kwa watu wa mapato madogo. La pili ni viwanja vya wazi katika miji yetu, yaani bustani, misitu, kingo za mito na nyanja za kuchezea watoto. Mtu mmoja asema, watu hawana pa kulala, basi kateni miti mjenge. Mwingine asema, acheni miti, hao watu na waende kwingine. Je, Neno la Mungu lasema nini?

Tufungue kitabu cha Hesabu, sura ya 35. Wana wa Israeli wako katika nchi tambarare za Moabu, karibu na Yordani, nao wanajiandaa kuingia katika nchi waliyoahidiwa. Kila kabila litapata fungu lake la ardhi. Lakini kabila la Lawi halitapata fungu. Walawi ni watumishi wa hema ya Bwana, hawana shamba la urithi. Kwa lugha ya leo twaweza kusema kwamba ni watu wasio na ardhi. Basi Mungu anamwamuru Musa kwamba makabila mengine, kila moja kwa kadiri ya urithi wake, yawape Walawi miji ya kukaa. Jumla yake ni miji 48.

Lakini Mungu hakuishia kwenye nyumba. Aliamuru kila mji upewe pamoja na malisho kuuzunguka pande zote, kwa ajili ya ng'ombe wao, kondoo wao na wanyama wao wote. Akataja na vipimo: dhiraa 1,000 kutoka ukuta wa mji kwenda nje. Dhiraa moja ni urefu wa kutoka kiwiko cha mkono hata ncha ya kidole, kama sentimita 45. Dhiraa 1,000 basi hukaribia nusu kilomita. Neno lenyewe katika Kiebrania ni migrash, maana yake ni ardhi ya wazi iliyo mali ya mji, isiyojengwa.

Tuangalie mambo matatu hapa.

Kwanza, waliopewa ni watu wasio na ardhi. Mungu hakusema, hawa hawana kitu, watosheke na paa juu ya vichwa vyao.

Pili, nyumba na malisho vilitolewa kwa amri moja, siku moja, kwa kinywa kimoja. Musa hakuambiwa achague.

Tatu, twasoma katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, kwamba nyumba ya Mlawi iliyo mjini iliweza kuuzwa, naye aliweza kuikomboa wakati wowote, na mwaka wa yubile ilimrudia. Lakini malisho ya mji hayakuuzwa kamwe. Kwa nini? Sisi twafahamu hivi: nyumba ni ya mtu na jamaa yake, lakini malisho ni ya wote, pamoja na wale ambao hawajazaliwa. Ukiuza nyumba yako umeuza chako. Ukiuza malisho umeuza cha mtoto wa jirani yako.

Sasa tuje kwetu Kenya. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1969, mji wa Nairobi ulikuwa na watu 509,286. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Watu wameongezeka zaidi ya mara nane, lakini mipaka ya mji ni ile ile, kilomita za mraba kama 696. Tusishangae basi kwamba kila kipande cha ardhi kinapiganiwa.

Haja ya nyumba ni ya kweli, wapenzi wasikilizaji. Kanisa lisiwe miongoni mwa wale wanaoipuuza. Sisi makasisi twaingia katika vyumba hivyo kuombea wagonjwa. Twajua mlango unaofunguliwa nusu kwa sababu kitanda kiko nyuma yake. Twamjua kijana anayesubiri wazazi wake wazime taa ndipo atandike godoro lake sakafuni. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipopitishwa mwaka 2024, iliweka tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri akatakiwa kutoa kiasi kama hicho. Watu wamebishana sana juu ya tozo hiyo, na wana haki ya kubishana. Lakini neno lililo ndani yake, kwamba mtu wa mapato madogo astahili nyumba ya heshima, ni neno ambalo Mkristo hawezi kulikataa.

Tena Katiba yetu ya mwaka 2010 yafundisha jambo la kutufikirisha. Kifungu cha 42 chasema kila mtu ana haki ya kuwa na mazingira safi yenye afya. Na kifungu kinachofuata, cha 43, chataja haki ya kila mtu kupata makao ya kufaa. Vifungu hivyo viwili ni majirani, vimekaa mlango kwa mlango. Asitokee mtu akajenga ukuta katikati yake.

Lakini ukuta huo umejengwa mara nyingi. Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Leo wakazi wake ni wengi mno, na ukitafuta msitu hapo utabaki na jina tu. Watu hao walinyimwa nyumba nzuri na kivuli pia, vyote viwili kwa pamoja. Anayedhani kwamba kumaliza miti ndiyo njia ya kuwapa maskini nyumba, na atembee Kibera aone kama miti ilipokwisha nyumba zilipatikana.

Na ukuta ule ule umejengwa kwa njia nyingine. Msitu wa Karura ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa kwa siri, ili zijengwe nyumba. Je, zilikuwa nyumba za watu wa Mathare? La, zilikusudiwa matajiri. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda huko kupanda mche, wakapigwa, naye akaumizwa kichwani. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ungaliko hata leo.

Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1989, mama huyo huyo alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika Uhuru Park. Alikwenda mahakamani. Mahakama ikamwambia kwamba hana haki ya kushtaki, maana yeye mwenyewe hakudhulumiwa. Hata hivyo fedha za jengo zilikosekana, na mpango ukaachwa. Leo kifungu cha 70 cha Katiba charuhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira, bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Mlango uliofungwa mbele ya mama mmoja umefunguliwa kwa wote.

Na uwanja ule uliookolewa ulitumika kwa nini? Mwaka 1992 akina mama waliokuwa wakiomba wana wao wafunguliwe, wale waliofungwa kwa mambo ya siasa, waliketi hapo Uhuru Park. Walipofukuzwa kwa nguvu walikwenda kukaa katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, lililo jirani. Mwenye ofisi huketi ofisini, na mwenye bustani huketi bustanini mwake. Mama asiye na ofisi wala bustani alikuwa na uwanja wa umma. Ndiyo maana twasema kwamba bustani ya umma ndiyo bustani ya maskini. Tajiri anayo yake, iko nyuma ya ua wake.

Pia tusisahau maji. Ardhi ya wazi hunywa mvua, lakini saruji huisukuma iende kwa jirani. Mwaka 2024, katika miezi ya Aprili na Mei, mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 katika nchi yetu. Hapa Nairobi waliopatwa zaidi ni wale waliojenga kando ya mito, kule Mathare na Mukuru. Baadaye serikali ikabomoa nyumba zilizokuwa katika kingo hizo. Basi mtu yule yule aliadhibiwa na mto, kisha akaadhibiwa na tingatinga. Hakukaa pale kwa kupenda, alikaa kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo kodi yake aliiweza. Mkitaka kingo za mito ziwe na majani, wapeni watu nyumba penginepo. Na mkitaka nyumba zidumu, ziacheni kingo za mito. Jambo moja lamshika mwenzake mkono.

Hapo tumewasema wengine. Sasa hatuna budi kujisema sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja tuliyotumikia upande wa Mashariki ya Nairobi, halmashauri ya kanisa iliamua kujenga vyumba vya kupangisha kwa kodi ndogo. Vilikusudiwa wajane, walimu vijana, na waumini waliokuwa wakifungiwa milango na wenye ploti kila mwisho wa mwezi. Lilikuwa jambo jema, nasi tulilihubiri kwa furaha. Ramani ilichorwa, vyumba 24. Mahali palipochaguliwa ni uwanja uliokuwa nyuma ya kanisa, wenye mijakaranda mitatu. Siku za Jumapili watoto walisomea hapo Shule ya Jumapili. Siku nyingine walikuja watoto wa ploti za jirani, wa kila dini, kucheza mpira wa makaratasi. Tulitia sahihi ramani ile bila kusita.

Ilipofika siku ya kuwaeleza washarika, mama mmoja mjane alisimama. Yeye alikuwa wa kwanza katika orodha ya waombaji, nasi tulitazamia kwamba atashukuru. Akasema, "Pasta, mimi nataka hicho chumba kuliko mtu yeyote aliye hapa. Lakini mjukuu wangu atacheza wapi? Barabarani kwenye matatu?" Kisha akauliza, kwa heshima kabisa, "Na kule kwako, Pasta, nyuma ya nyumba, hakuna mahali?"

Watu wakanyamaza, nasi tukanyamaza. Ilikuwa kweli. Nyumba ya kasisi ilikuwa na bustani kubwa kuliko uwanja wa watoto, yenye majani yaliyokatwa vizuri, imezungushiwa ua wa michongoma. Alikuwa akiitumia kasisi na jamaa yake, na mbwa. Tena karibu na lango palikuwa na eneo lililomwagwa changarawe, ambapo magari yaliegeshwa saa tatu kila Jumapili, na siku sita palikaa patupu. Katika mikutano yote ya halmashauri hakuna aliyekuwa ametaja bustani ile wala maegesho yale. Macho yetu yalikuwa yamekwenda moja kwa moja kwenye uwanja wa watoto, maana watoto hawana mjumbe katika halmashauri.

Ramani ilichorwa upya. Sehemu kubwa ya bustani ya kasisi na ya maegesho ikachukuliwa, vyumba vikapandishwa ghorofa moja, na uwanja ukaachwa na miti yake. Haikuwa rahisi. Jamaa wawili wenye magari walihamia kanisa jingine, na sadaka ikapungua. Na hesabu ya vyumba ilishuka, kutoka 24 hadi 16.

Ndugu zetu, tusiwafiche. Jamaa wanane walikosa nyumba kwa sababu ya uamuzi ule. Vyumba viligawanywa kwa kura ili pasiwe na upendeleo, na kura haikumwangukia yule mama. Jioni nyingine tulimkuta ameketi chini ya mjakaranda, mjukuu wake anacheza, kisha wote wawili wakirudi kwenye chumba kile kile cha zamani chenye kodi isiyolipika. Hakutulaumu hata siku moja. Lakini kila tulipomwona tulijua kwamba kuulinda uwanja si mwisho wa kazi. Aliyelinda majani bila kuendelea kutafuta nyumba ya yule mama amefanya nusu ya amri ya Mungu. Msingi wa jengo lile uliwekwa wenye nguvu ya kubeba ghorofa nyingine, na halmashauri ikaanza kuichangia kidogo kidogo.

Basi twajifunza nini? Mpango wowote wa ujenzi unapoletwa katika mtaa wetu, uwe wa serikali, wa tajiri au wa kanisa, tuulize maswali matatu.

La kwanza: nyumba hizi ni za nani? Jina la maskini lisitumiwe kama ufunguo wa kumfungulia tajiri. Tuulize kodi itakuwa kiasi gani, na mfua nguo au mlinzi wa usiku ataweza kuilipa?

La pili: ardhi hii imetoka kwa nani? Ahabu mfalme alikuwa na jumba la kifalme, lakini jicho lake lilitua kwenye shamba la mizabibu la Nabothi, maana lilikuwa karibu. Wenye nguvu husahau ardhi yao kubwa isiyotumika, wakaiona ile ndogo ya mtu asiye na mtetezi. Mwezi wa Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata walirushiwa mabomu ya machozi walipoutetea uwanja wao wa kuchezea uliozungushiwa ukuta. Taifa zima liliona aibu. Kabla hatujagusa uwanja wa watoto, tutazame kwanza maegesho, maghala matupu, na nyumba za chini zinazoweza kupandishwa ghorofa.

La tatu: kitabaki nini? Katika miaka ya 1940 mtaa wa Kaloleni ulijengwa kwa ajili ya Waafrika waliokuwa wafanyakazi wa mji. Serikali ya kikoloni haikuwapenda kupita kiasi, hata hivyo waliochora mtaa ule waliacha uwanja wa wazi katikati ya nyumba, na miti. Ikiwa wakati ule iliwezekana, sisi tuliojitawala tutasemaje kwamba haiwezekani? Kuna ploti za ghorofa saba na nane ambako dirisha la mmoja latazama ukuta wa mwenzake, na nguo hazioni jua. Kwenda juu peke yake si dawa. Kwenda juu ni kwema ikiwa kile kilichookolewa chini kinaachiwa watu.

Na tusiishie kuuliza majumbani mwetu. Tangazo la ujenzi linapobandikwa, tulisome. Baraza la wananchi linapoitwa, tuhudhurie, wanawake na vijana pia. Na halmashauri za makanisa zitazame hati za viwanja vyao na kuuliza: hapa Mungu ametupa nini, na kwa ajili ya nani?

Nabii Isaya, katika sura ya 5, anawalilia ole wale wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, hata pasibaki nafasi kwa mtu mwingine. Lakini katika sura ya 65 nabii huyo huyo anatangaza ahadi kwamba watu wa Mungu watajenga nyumba na kukaa ndani yake. Mungu hachukii nyumba. Anachukia nyumba zinazommeza jirani. Naye Ezekieli, alipoonyeshwa mji wa siku zijazo, sura ya 48, aliona ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya wote, kwa kukaa na kwa malisho. Yale mambo mawili ya Musa yako pamoja mpaka mwisho. Na Zekaria, sura ya 8, aliona katika njia za Yerusalemu wazee wameketi na fimbo zao mkononi, na watoto wanacheza. Mji wenye baraka ni ule ambao mzee ana mahali pa kuketi na mtoto ana mahali pa kukimbia, kisha jioni kila mmoja ana mlango wa kuingia.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyemweka mwanadamu katika bustani, na uliyemtuma Mwanao kukaa kati yetu akiwa hana pa kulaza kichwa: uwaangalie wote walioamka leo bila nyumba ya heshima. Uwape wenye mamlaka moyo wa haki, na wajenzi mikono mieupe. Utuondolee sisi wa kanisa lako uchoyo unaojificha nyuma ya ua wa michongoma. Utufundishe kutoa kilicho chetu kabla hatujachukua kilicho cha watoto. Na yule mama anayesubiri chumba, Bwana, usiache tumsahau. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wapenzi wasikilizaji, Mungu awabariki katika kazi zenu za leo. Kwaherini.